Udongo Kwenye Karatasi

Walininyang'anya kalamu mlangoni. Kwa adabu zote, lakini walininyang'anya: kalamu ya wino haiingii kwenye chumba cha nyaraka adimu, mkoba hauingii, chupa ya maji haiingii. Dada wa maktaba alinipa penseli iliyochongwa ikachongeka, akanionyesha meza, akaondoka kwa hatua za mtu anayepita kati ya safu za wanaosali. Aliporudi alikuwa amekumbatia jalada pana kama mlango wa kabati. Akalilaza mbele yangu kwa mikono miwili, taratibu, kama anayelaza mtoto.

Nilikuwa nimetoka Dodoma hadi Cairo kwenda kuangalia karatasi za mtu aliyejenga kwa udongo. Shemeji yangu, mwenye duka la saruji Area C, alicheka mpaka akakaa chini nilipokwenda kuaga. "Udongo? Si ungeshuka hapo Kikuyu tu, shemeji, upo bure."

Mtu mwenyewe ni Hassan Fathy. Alizaliwa Alexandria mwaka 1900, akafariki Cairo tarehe 30 Novemba 1989, na karibu nusu karne ya maisha hayo aliitumia kuibembeleza nchi yake ikubali kwamba tofali la udongo lililokaushwa juani si aibu. Alisanifu misikiti, shule na masoko, lakini moyo wake ulikuwa kwenye nyumba ya kuishi: mtu alale wapi, upepo uingilie wapi, mgeni akae wapi bila kuona jikoni. Michoro, picha na maandishi yake vilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Marekani cha Cairo katika miaka ya baada ya kifo chake. Chuo chenyewe kilihamia New Cairo mwaka 2008, mashariki mwa jiji, huko jangwani. Teksi ilinichukua saa nzima na ushee, tukipita maghorofa yasiyokwisha, moja baada ya jingine, nondo zimechomoza juu ya kila dari kama nywele za mtu aliyeshtuka usingizini. Nondo hizo nilizidharau siku ile. Baadaye niliziomba radhi.

Nilisoma ufundi sanifu wa majengo kwa miaka miwili kabla sijakimbilia magazeti, kwa hiyo nilijua ninachotarajia kwenye jalada la msanifu: mistari, vipimo, mishale, muhuri. Mchoro wa kwanza haukuwa na habari na hayo. Ulipakwa kwa guashi, zile rangi nzito za maji, mchanga na kijani cha mtende. Katikati ilisimama nyumba ya kuba, imetazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Chini yake, kwenye karatasi ileile, nyumba ileile imelazwa chali na kutazamwa kutoka angani: vyumba, ua, ngazi. Pembeni kulikuwa na mti, na si ule mti wa wasanifu wa kuviringisha penseli mara tatu ukaendelea na kazi. Huu ulichorwa bapa, jani kwa jani, kama miti ya kwenye kuta za makaburi ya Luxor, ambako mchoraji wa kale alionyesha bwawa kutoka juu na mitende ya ukingoni kwa ubavu, na hakuona kosa. Mwalimu wangu wa uchoraji angeupiga mstari mwekundu kona hadi kona. Mimi nilikaa nao dakika arobaini, penseli imelala.

Michoro ya namna hii ilizitangulia nyumba zenyewe. Mwaka 1937 aliionyesha hadharani Mansoura, kisha Cairo: nyumba za shamba, za tofali la udongo, nzuri kupita mashamba yenyewe. Zilikuwa za karatasi tu. Namna ya kuziezeka bado hakuwa nayo.

Ukuta wa udongo hauna shida; hata mtoto hujenga. Kazi iko kwenye paa. Kule pwani kwetu watu waliezeka kwa boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti, mwenye nyumba awe tajiri namna gani. Boriti hizohizo majahazi yalizipakia Rufiji na Lamu yakazipeleka hadi Ghuba, kwa watu wasio na miti. Kwetu Ugogoni, bibi yangu mzaa baba aliishi kwenye tembe: nguzo, juu yake magogo, juu yake matawi, juu yake udongo mzito uliokanyagwa ukawa bapa. Tulianika karanga pale juu na kuku walitaga pale juu. Tembe lilikula miti, lakini miti ilikuwepo. Misri haina miti mingi ya kuezekea. Ina mto, na tope la mto, na majani makavu ya ngano.

Vita Kuu ya Pili ilipofunga bahari, mbao na chuma vikaadimika Misri. Fathy wakati huo alikuwa akijenga nyumba za shamba huko Bahtim, karibu na Cairo, na akajaribu kuezeka kwa tao la matofali bila mbao ya kulishikilia. Likaanguka. Akajaribu tena. Likaanguka. Ndugu yake, aliyekuwa akifanya kazi kwenye bwawa la Aswan, ndiye aliyemwambia: mbona Wanubi huezeka nyumba zao hivyo, na hawatumii mbao? Mwaka 1941 akaenda kujionea. Alikuwa na digrii ya mwaka 1926 na alikuwa akifundisha kwenye chuo cha sanaa, na mbele yake kikasimama kijiji kizima kilichoezekwa kwa kitu alichokuwa ameshindwa.

Huo ndio mwanzo ninaoupenda kwenye maisha yake, kwa sababu hakuwa mtoto wa shamba hata kidogo. Familia yao ilikuwa na mashamba, lakini baba yake hakupenda kuyakanyaga. Mama ndiye aliyewasimulia watoto habari za huko. Fathy mwenyewe ameandika kwamba ujana wake wote shamba alilijua kupitia dirisha la treni, wakitoka Cairo kwenda Alexandria kula majira ya joto. Alitaka kusoma kilimo, akafeli mtihani wa kuingilia. Akaenda usanifu. Kwa hiyo Misri ilimpata msanifu wake wa vijijini kwa sababu kijana mmoja wa mjini hakujua majibu ya maswali ya mashamba.

Siku ya pili maktabani nilijifungia na vitabu. Fathy aliandika kitabu kimoja kilichomfanya ajulikane duniani, na kitabu hicho kina majina matatu. Kilipotolewa Cairo mwaka 1969, kwa nakala chache, kiliitwa hadithi ya vijiji viwili. Mwaka uliofuata Wafaransa wakakiita kujenga pamoja na watu. Mwaka 1973, kilipochapishwa Chicago, kikawa usanifu kwa ajili ya maskini. Niliyaandika majina matatu kwenye daftari, moja chini ya jingine, kwa penseli yao. Kujenga pamoja na watu ni jambo moja. Kumjengea maskini ni jingine, tena maskini huyo hakuitisha. Na hilo la kwanza, la vijiji viwili, ndilo lisilosifu mtu, na nadhani ndilo la kweli. Nikakata tiketi ya Luxor.

Kabla ya treni nilipanda mpaka Darb al-Labbana, chini ya Ngome ya Cairo, kwenye nyumba ya zamani ya Ali Effendi Labib ambako Fathy aliishi ghorofa ya juu miaka yake ya mwisho na paka wake. Siku hizi ni makumbusho ya usanifu wa Misri. Paka bado wapo, sijui ni wajukuu wa nani. Kutoka darini unaona minara ya msikiti wa Sultan Hassan karibu kiasi cha kuurushia kokoto, na ukigeukia upande wa pili, nondo, nondo, nondo.

Treni ya usiku kwenda Luxor ina baridi kuliko inavyostahili jangwa. Jirani yangu, mwanajeshi kijana anayerudi kwao Sohag, alinipa nusu ya mkate wake akauliza nakwenda kuona nini, Karnak au Bonde la Wafalme. Nikamwambia nakwenda kuona nyumba za udongo. Akanitazama kama shemeji.

Luxor unavuka mto kwa kivuko, ng'ambo ya magharibi, upande wa makaburi. Sikuanzia kwa Fathy. Nilianzia Ramesseum, hekalu la Ramses wa Pili, kwa sababu yeye mwenyewe alipita pale. Watalii huenda kutazama sanamu kubwa iliyoanguka. Ukizunguka nyuma ya hekalu unakuta maghala: vyumba virefu vya tofali la udongo, paa lake limepinda kama pipa lililopasuliwa kati, safu kwa safu. Mengine yamebomoka, mengine yamesimama, na yamesimama kwa zaidi ya miaka 3,000. Matofali ni yaleyale ya kwetu, majani yanaonekana ndani yake. Niligusa moja kwa kidole kimoja, mlinzi akakohoa, nikautoa mkono.

Sababu ya paa lile kutoanguka unaweza kuieleza kwa mnyororo. Shika mnyororo kwa ncha zake mbili, uache uning'inie. Umbo linalojichora lenyewe, ligeuze juu chini: hilo ndilo umbo linalokaribiana na tao la Mnubi. Kwenye umbo hilo kila tofali linabanwa na mwenzake, hakuna linalovutwa. Na udongo huvumilia sana kubanwa, lakini ukiuvuta unakatika kama mkate. Basi fundi hahitaji nondo wala mbao, anahitaji kulijua umbo.

Kijiji cha New Gourna kiko barabarani ukitoka kivukoni kuelekea zile sanamu mbili za Memnon. Habari yake kwa ufupi: watu wa Gourna ya zamani waliishi mlimani, juu ya makaburi ya watu wakubwa wa enzi za mafarao. Kwa wengine mlango wa kaburi ulikuwa ndani ya nyumba. Waliishi kwa kulima kidogo, kuongoza wageni, na kuuza vitu vilivyotoka chini ya sakafu. Baada ya kipande kizima cha mwamba uliochongwa kuibwa kutoka kaburini, serikali ikaamua kuwahamisha wote, na idara ya mambo ya kale ikamwita Fathy mwaka 1945 awajengee kijiji kipya bondeni. Familia kama 900. Bajeti ndogo. Nani tena angeweza, kama si bwana wa udongo?

Akafanya kazi ambayo sijui msanifu mwingine wa serikali aliyewahi kuifanya. Hakutaka nyumba mbili zifanane. Alipanga familia kwa koo, kila ukoo na kiwanja chake cha ndani, na vichochoro akavipinda makusudi ili asiye na shughuli asikatize. Akaweka msikiti, soko, shule ya wavulana na ya wasichana, ukumbi wa maigizo, nyumba ya wageni ya mafundi, shule ya kazi za mikono ili watu wapate riziki nyingine badala ya ile ya makaburini. Akawaleta mafundi kutoka Aswan. Kisha, baada ya misimu mitatu, kazi ikasimama. Sehemu ndogo tu ya kijiji ilikuwa imejengwa. Kipindupindu kilipita mwaka 1947, fedha zikawa zinachelewa kwenye meza za Cairo, na watu wa Gourna wenyewe hawakutaka kuhama. Fathy anasimulia jinsi tuta la kuzuia maji lilivyokatwa usiku ili bonde lifurike na kijiji kipya kiyeyuke.

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwenye Operesheni Dodoma, bibi alitakiwa atoke kwenye tembe lake aende kijijini, kwenye kiwanja kilichopimwa kwa kamba, nyumba ziko kwenye mstari kama wanafunzi paredi. Alihama. Lakini usiku wa pili alirudi kwa miguu mpaka kwenye tembe akang'oa mlango, mlango wa ubao mmoja uliochongwa na babu yake, akaubeba kichwani akaja nao. Ulikuwa mfupi kuliko uwazi wa nyumba mpya. Ukakaa hivyohivyo, umepungua futi nzima juu, miaka yote niliyomfahamu, na juu akaziba kwa gunia. Sijawahi kusikia akiisema vibaya ile nyumba. Wala sijawahi kusikia akiiita yake.

Fathy angemwelewa bibi, nina hakika. Vichochoro vyake vilivyopinda vilikuwa jibu kwa watu wa kamba na mstari. Lakini yeye mwenyewe amekiri jambo moja: mila haikumruhusu kukaa na wanawake wa Gourna na kuwauliza wanataka nyumba ya namna gani, na waliokuwa wanashinda ndani ya nyumba ni wao. Aliongea na waume na wazee wa koo. Halafu kuna zile kuba. Kwa msanifu kuba ni paa rahisi, baridi, lisilodai mbao. Kwa mkulima wa Misri ya juu kuba ni kaburi la walii. Unamjengea mtu chumba cha kulala chenye paa la ziara, halafu unashangaa kwa nini halali.

Msikiti ndio ulionituliza. Umesimama kama ulivyokuwa: mnara mnene wa pembe nne, na ngazi inapanda nje, wazi, ukutani, mpaka juu, kama ile ya misikiti ya Nubi. Ndani kuna ua mdogo na kivuli. Joto la nje lilikuwa limenipiga utosini. Nilipokanyaga sakafu ya ndani niliacha kulisikia, na hakukuwa na feni iliyokuwa ikizunguka. UNESCO na wizara ya utamaduni ya Misri wameukarabati ukumbi wa maigizo na majengo mengine ya umma miaka ya hivi karibuni, lipu mpya inang'aa. Majengo haya yamesalimika kwa sababu hayakuwa ya mtu.

Nyumba zilizokuwa za watu ni habari nyingine. Nilihesabu kuba moja, kisha maghorofa matatu ya zege na tofali jekundu, kisha nusu ya kuba. Mzee mmoja alinikuta natazama, akaniita ndani kunywa chai kabla hata sijamsalimu vizuri. Nyumba yake ilikuwa nusu kwa nusu: sebule ilikuwa ya Fathy, na nyuma yake nguzo za zege. Alinionyesha ukutani, usawa wa goti, mahali udongo ulipobabuka, mweupe kwa chumvi. Baada ya Bwawa Kuu la Aswan mto haufuriki tena na mashamba hunyweshwa mwaka mzima, maji ya chini yamepanda, na ukuta wa udongo unayanyonya kama utambi.

"Kwa hiyo mliibomoa kwa ajili ya chumvi?"

"Chumvi?" Akacheka. "Chumvi unapiga lipu. Mwanangu alioa."

Akanyoosha kidole juu, kwenye kuba. Juu ya kuba huwezi kujenga kitu. Mtoto wa kiume akioa, anapandishiwa ghorofa juu ya baba yake. Ndivyo watu wanavyoishi pale, familia inakua kwenda juu. Ndiyo maana kila nyumba ya zege inaacha nondo nje. Zile nilizozidharau kwenye teksi, zile nywele za mtu aliyeshtuka, kila moja ni mtoto ambaye bado hajaoa. Fathy alichora ua, upepo, kivuli, njiwa na mnara wao, na kila familia akaichorea yake. Ghorofa ya mwana hakuichora. Nilifungua picha za michoro kwenye simu nikaitafuta tena, kwa aibu kidogo, mzee ananiongezea chai.

Wale wa mlimani walihamishwa hatimaye, lakini si kwa Fathy. Kuanzia mwisho wa mwaka 2006 mabuldoza yalipanda Gourna ya zamani, na watu wakapelekwa kwenye nyumba za zege kaskazini zaidi, zimepangwa kwenye mstari. Unapita kule mlimani sasa unaona mashimo ya makaburi na rangi ya bluu hapa na pale, ukuta wa nyumba ya mtu.

Sitaki nimwonee Fathy. Baada ya Gourna alikwenda Athens akafanya kazi miaka kadhaa na msanifu Doxiadis, akarudi, akajaribu tena kijiji cha New Baris kwenye oasisi ya Kharga mwaka 1967, vita vya Juni vikakisimamisha. Zawadi zikaja uzeeni: mwaka 1980 peke yake alipata tuzo ya mwenyekiti ya Aga Khan na ile tuzo ya Uswidi iitwayo Right Livelihood. Na nyumba zikaja, nyingi, nzuri sana. Lakini ukifungua majalada unaona majina ya wenye nyumba: msanii, profesa, mfanyabiashara wa Jeddah, mkuu wa ukarabati wa idara ya mambo ya kale. Tofali la maskini lilipata wateja waliokuwa na gari. Labda kwa sababu tajiri ana kiwanja cha kutosha. Mwanawe akioa, anajengewa pembeni.

Kutoka Luxor hadi Aswan ni saa tatu za treni. Nilishuka, nikavuka mto kwa mashua hadi Gharb Soheil, kijiji cha Wanubi upande wa magharibi, ambako siku hizi nyumba zimepakwa rangi za peremende na watalii hupigwa picha na mamba wachanga. Sehemu kubwa ya Nubi ilizama chini ya ziwa la Bwawa Kuu miaka ya 1960, na watu wake wa upande wa Misri walihamishiwa Kom Ombo, kwenye nyumba za serikali. Wale wa karibu na Aswan walibaki. Nilichotaka ni kuona mkono ukifanya kazi ile niliyoiona kwenye karatasi, na nikaambiwa kuna mtu anamalizia nyumba ya wageni nyuma ya shule.

Misri fundi mkubwa huitwa muallim. Nilipomwambia kwamba kwetu neno hilo ni la mwalimu wa shule, alifurahi sana, akamwita kijana wake aje alisikie. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kanzu iliyofungwa kiunoni, miguu peku. Nikamtajia Hassan Fathy. Alimjua kwa jina. Kila fundi wa pale analijua. Hadithi anazozijua zaidi ni za mafundi: jinsi Fathy alivyomchukua Alaa al-Din Mustafa mpaka New Mexico, Marekani, mwaka 1980, wajenge msikiti wa Dar al-Islam huko Abiquiú. Huko watu huliita tofali la udongo adobe, na neno hilo lenyewe ni la Misri: ni tub ya Kiarabu, iliyorithiwa kutoka lugha ya Wakopti, ikapita kwa Wahispania. Neno lilikwenda kwa meli, karne nyingi nyuma. Wenyewe wakalifuata kwa ndege.

Matofali yake yalikuwa mepesi, membamba, ya unene wa kama sentimita tano, yana majani mengi kuliko yale ya ukutani. Kwenye uso wa kila moja kulikuwa na mifereji miwili ya mshazari. Niliuliza ni ya nini. Akachukua tope bichi, akavuta vidole viwili: shup. Ya kung'ang'ania. Tofali linabandikwa likiwa limesimama, limeegemea ukuta wa mwisho kwa mshazari, na tope linalishika kwa mifereji ile mpaka mwenzake aje. Kila safu inaegemea iliyotangulia. Hakuna inayoning'inia peke yake.

"Unachora kwanza?" nilimuuliza. Nilimwonyesha kwenye simu ule mchoro wa guashi, nyumba na mti wa jani kwa jani. Aliutazama kwa muda, akaukuza kwa vidole, akausogeza hadi kwenye kuba. Akasema ni mzuri. Akasema mti ule si wa huku.

Halafu akapanda juu ya ubao uliolazwa kati ya kuta mbili, akachota tope kwa kiganja, na kwenye ukuta wa mwisho akaanza kulipaka: kutoka kona ya kushoto, juu, juu zaidi, likapinda, likashuka kwa kulia. Hakuwa na uzi, timazi wala pima maji. Dakika mbili hivi. Ule mnyororo uliogeuzwa juu chini ulikuwa ukutani, umelowa, unang'aa.

Akanipa bonge la tope na kunipisha kwenye ubao, ukuta wa upande wa pili. Nilipanda. Nilianza vizuri, nadhani. Kijana wake alishindwa kuzuia kicheko nilipofika katikati, kwa sababu upande wangu wa kulia ulikuwa umeshuka kama bega la mtu aliyebeba ndoo. Fundi hakucheka. Alichukua tezo, akakwangua mstari wangu wote mpaka ukuta ukawa mkavu, akalikanda tope lile upya kwa maji kidogo, akanirudishia mkononi.